Miti 568 na Wapagazi Wasio na Majina

Bustani ya Theodore Wirth imelala mpakani mwa jiji la Minneapolis na mji mdogo wa Golden Valley, jimboni Minnesota. Ukiifuata barabara inayoikata bustani hiyo kuelekea kaskazini, utaingia Victory Memorial, njia pana yenye safu za miti iliyozinduliwa tarehe 11 Juni 1921. Miti hiyo ilipandwa kwa hesabu. Kila mmoja ulikuwa wa mtu mmoja wa kaunti ya Hennepin aliyepoteza maisha katika Vita Kuu ya Kwanza, na wote walikuwa 568, wanajeshi pamoja na wauguzi. Kila mti uliwekewa alama yenye jina la mtu wake. Miti ya mwanzo ilipoangamizwa na ugonjwa, mingine ilipandwa, na mwaka 2011 njia ikazinduliwa upya.

Mwafrika Mashariki anayepita hapo, na siku hizi tuko wengi katika vitongoji vya Minneapolis, ana haki ya kuuliza: wetu waliokufa katika vita hiyohiyo wameandikwa wapi?

Kumbukumbu ya vita hivyo tuliipokea kwa mkono wa Waingereza. Bunduki zilinyamaza Ulaya saa tano asubuhi, tarehe 11 Novemba 1918. Mwaka uliofuata Mfalme George V aliwataka raia wa himaya yake yote wakae kimya kwa dakika mbili saa hiyohiyo, wazo lililotoka kwa Percy FitzPatrick wa Afrika Kusini. Mwaka 1920 mnara wa mawe wa Cenotaph ulisimamishwa London. Ua jekundu la popi, ambalo wengi hudhani ni la Kiingereza tangu asili, lilianza kuvaliwa kama alama ya kumbukumbu na Mmarekani, mwalimu Moina Michael, kabla ya chama cha askari wastaafu cha Uingereza kuanza kuliuza mwaka 1921. Baada ya vita vya pili, Waingereza waliuhamishia mkusanyiko mkuu kwenye Jumapili ya pili ya Novemba. Wamarekani waliibakiza tarehe, lakini mwaka 1954 wakaifanya siku ya kuwaenzi wote waliowahi kutumikia jeshi. Waliokufa wana siku yao mwishoni mwa Mei.

Kwetu tarehe 11 Novemba 1918 haikuwa mwisho wa vita. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alipata habari siku mbili baadaye, akiwa Rhodesia ya Kaskazini, na akasalimisha jeshi lake Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Katika wiki hizo mbili wapagazi waliendelea kutembea na mizigo.

Hao wapagazi ndio kiini cha jambo. Waingereza waliwakusanya kwa mamia ya maelfu, wengi kwa nguvu, kwa sababu mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwepo. Wapagazi wapatao 95,000 wanakadiriwa kufa upande wa Waingereza peke yake, zaidi kwa kuhara damu, malaria na lishe duni kuliko kwa risasi. Jina la Kiingereza la kikosi chao ndilo lililotuachia majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, na ya Nairobi ikafuata mwaka 1928. Maandishi ya sanamu hizo, yaliyotungwa na mwandishi Rudyard Kipling, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imechongwa kwenye mnara usio na jina hata moja la mpagazi, na kwangu hilo ni deni.

Wala halikuwa jambo la kusahau tu. Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza iliundwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba kila aliyekufa ataandikwa jina lake, bila kujali cheo wala dini. Aprili 2021 ripoti ya kamati iliyoteuliwa na tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa miongoni mwa sababu. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Radhi hiyo ilichelewa kwa karne nzima, kwa hiyo kazi iliyobaki ya kuyatafuta majina haiwezi kuachiwa London. Orodha za malipo ya wapagazi ziliandikwa na wakoloni, lakini koo zilizopeleka vijana na hazikuwaona tena ziko Ukambani, Unyamwezini na Nyanza. Wajukuu wa vijana hao wako hai, na baadhi yao wanaishi Minnesota.