Akiba na Kufuli

Wahenga walisema akiba haiozi. Methali hiyo niliifundisha kwa miaka mingi chuoni, na sikumbuki kuwahi kuwauliza walimu wanafunzi swali lililo muhimu zaidi: je, akiba yenyewe imewekwa wapi?

Swali hilo nililetewa na mjukuu wangu. Sisi ni watu wa Kilosa. Maji tunayoyajua ni ya mto Mkondoa, nayo tunayaogopa kuliko tunavyoyapenda. Kijana huyu alikwenda Mafia, ambako tangu mwaka 1995 ipo hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini, akajifunza kazi ya kuwaongoza wageni wanaozamia kutazama matumbawe. Alipokuja likizo alinitandazia mkekani mipira yake ya kupumulia, akanieleza kazi ya kila mmoja.

Historia yake si ya kale. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, walifanikisha kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungini kila anapovuta pumzi. Kwa miaka mingi iliyofuata, mzamiaji alikuwa na kipumulio kimoja tu. Hewa ya mwenzake ilipokwisha, walipokezana: huyu pumzi mbili, yule pumzi mbili. Ubaoni jambo hilo ni jepesi. Lakini kwenye kina cha mita 20 kila pumzi hula hewa mara tatu ya ile inayovutwa juu ya maji, na mtu aliyekosa hewa hana subira. Akikishika kipumulio, huenda asikirudishe, na wote wawili wakafa.

Ndipo ukaongezwa mpira wa pili, wenye kipumulio cha akiba. Kwa wingi wa mipira, wazamiaji wakakiita pweza.

"Lakini Babu," akasema, "kuwa nacho hakutoshi." Kikiachwa kining'inie, huburuta chini, kikavunja matumbawe na kujaa mchanga. Siku ya shida mkono hukitafuta kifuani, kumbe kiko mgongoni. Kwa hiyo hupakwa rangi ya njano na kufungwa kifuani, kati ya kidevu na mwisho wa mbavu, kwa kishikizo kinachoachia kwa mvuto mmoja. Kikichomoka chenyewe, kimefungwa vibaya. Kisipochomoka kikivutwa, kimefungwa vibaya zaidi. Kabla ya kuzama, kila mmoja humwonyesha mwenzake kilipo, kwa kuwa atakayekihitaji ni yule mwenzake.

Nilinyamaza kwa muda, maana nilikuwa nimekumbuka Mikumi.

Mwaka 1978 niliwachukua walimu wanafunzi kwa lori kutoka Kilosa kwenda kuiona Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Jioni, katika uwanda wa Mkata, tairi la nyuma likapasuka. Sikuwa na wasiwasi, kwani tairi la akiba lilikuwepo chini ya lori. Utingo akainama, kisha akainuka akiniangalia mimi. Tairi lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na kufuli. Amri ya kulifunga nilikuwa nimeitoa mwenyewe, baada ya kuibiwa la kwanza, na ufunguo ulikuwa Kilosa, katika mtoto wa meza yangu.

Jua likazama. Nyati walikuwa wakivuka si mbali nasi, na vijana thelathini na wawili waliokabidhiwa kwangu walikuwa wamesongamana kimya nyuma ya lori lililo wazi. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza. Usiku ulikuwa umekwisha kuingia lilipopita lori la mizigo lililotoka Iringa. Dereva wake alisimama, akalivunja kufuli langu kwa nyundo, akaondoka bila kudai hata senti.

Siku zote nilijihesabu kuwa mtu mwangalifu. Nililinda tairi lisiibiwe, nikasahau kwamba lilinunuliwa litumike. Tuliporudi nilimkabidhi dereva wa chuo kufuli jipya pamoja na ufunguo wake, nisimweleze sababu.

Mjukuu wangu alipokuwa akikunja mipira yake, alinipa kile cha njano nijaribu. Nilikivuta mara moja, kwa mkono huu wangu unaotetemeka, nacho kikatoka.

Akiba haiozi, ni kweli. Lakini na iwekwe mahali ambapo hata mkono wenye hofu utaifikia.