Mstari wa Pumzi
Jumamosi tulizamia Possum Kingdom, ziwa la mto Brazos lililotokana na bwawa la 1941, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari kutoka hapa Plano, Texas. Usiku, mezani jikoni, nikaihamishia simuni kumbukumbu ya kompyuta yangu ya kuzamia. Mistari miwili ikatokea: wa kina, na wa hewa iliyobaki mtungini. Wa hewa ulishuka polepole, paundi 50 hivi za shinikizo kila dakika, hadi dakika ya 14. Hapo ukaporomoka: paundi 400 kwa dakika nne. Ni pale tope lilipotimka nikapotezana na mwenzangu. Ningeapa kwamba nilitulia.

Mjomba wangu wa Mafia alizamia majongoo bahari katika ghuba ya Chole kwa pumzi moja tu. Alikuwa na mwenzake aliyebaki ngalawani, na kila mjomba alipoibuka, yule alimtazama midomo. Ikibadilika rangi, basi, hazami tena siku hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yao ya hewa, na aliyeishika ni mtu mwingine.

Cousteau na Gagnan walipotengeneza kifaa chao cha kupumulia Ufaransa mwaka 1943, mzamiaji alishuka na hewa yake mgongoni, lakini mtungi wenyewe ulikuwa bubu. Kwa miaka mingi wengi walitegemea vali ya akiba. Pumzi ikianza kuwa nzito, unavuta kijiti kilichoning'inia ubavuni mwa mtungi, hewa kidogo iliyozuiliwa inafunguka, unapanda. Kijiti kikikwaa mwamba bila wewe kujua, akiba umeshaila, na utakapokivuta hakuna kitu. Nikifikiria watu walioshuka hivyo, mwili unanisisimka. Geji ya kusoma hewa ukiwa chini ya maji ilikuja kuenea baadaye.

Hesabu ya kina na muda ilikuwa na njia yake. Mwanasayansi John Scott Haldane alifungia mbuzi katika chumba cha chuma chenye hewa ya kugandamizwa, na mwaka 1908 akatoa majedwali ya namna ya kupanda bila kudhurika. Wazamiaji waliyafuata majedwali ya aina hiyo miongo mingi, mpaka 1983 kampuni ya Orca ya Marekani ilipotoa Edge, kompyuta iliyopiga hesabu hiyo papo hapo majini. Ila habari za hewa haikuzijua. Hizo zilikuja baadaye. Miaka ya 1990 Uwatec ya Uswisi ilileta Aladin Air X: kifaa kidogo mtungini kinapima shinikizo na kulituma mkononi bila mpira wala waya.

Kompyuta haihesabu pumzi zako moja moja. Inajua shinikizo lilivyopungua, na inajua kina. Mtungi wetu wa kawaida wa alumini, paundi 3,000, una takriban lita 2,200. Zile paundi 400 ni kama lita 290, yaani 73 kwa dakika. Katika mita 15, tulipokuwa, kila pumzi inabeba hewa mara mbili na nusu ya ile ya juu, kwa hiyo unagawanya: lita 29. Kawaida yangu ni 15. Nilipumua maradufu, nami sikuhisi.

Jumapili nilimpigia mjomba kwa video.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, baba. Hicho nini unanionyesha?"

Nikamweleza mstari. Akausogelea, akautazama sana, wala hakuuliza kilichonitisha.

"Huu wako. Wa mwenzio uko wapi?"

Sikuwa nao. Nilimwomba mwenzangu, akanitumia jioni ile ile. Tulikuwa tumeshuka pamoja, dakika zetu zinalingana. Dakika ya 14, na wake umeporomoka.