Wajibu, Dhima na Dhamana: Funzo la Ngare Nanyuki kwa Lugha ya Sheria

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ikifanye Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, mjadala umeegemea uhaba wa istilahi. Makala hii inadai kuwa tatizo zito zaidi ni mipaka baina ya istilahi tulizonazo. Wajibu, dhima na dhamana hutumiwa mara nyingi kama visawe, ilhali kila neno lina swali lake. Wajibu: mtu afanye nini? Dhima: asipofanya, nani abebe hasara au adhabu? Dhamana: alichokishika ni cha nani? Kiholanzi cha kisheria, kwa mfano, hutenga mawili ya kwanza: verplichting ni wajibu, aansprakelijkheid ni dhima.

Uzito wa mipaka hiyo unaonekana vizuri chini ya Mlima Meru. Kwa Mkataba wa Udhamini wa 1946, chini ya Umoja wa Mataifa, Uingereza iliishika Tanganyika kwa dhamana. Ibara ya 8 iliitaka izingatie sheria na mila za wenyeji inapotunga sheria za ardhi, na iheshimu haki zao. Papo hapo, iliruhusu ardhi yao ipewe wasio wenyeji, mradi mamlaka husika iridhie kwanza. Mamlaka hiyo ilikuwa serikali ileile ya mdhamini. Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Ngare Nanyuki na Leguruki kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata msemaji wao Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, aliifikisha kesi yao Umoja wa Mataifa, New York. Wajumbe wengi waliwaonea huruma, lakini katika Baraza Kuu azimio la kuwarudishia ardhi lilikosa theluthi mbili ya kura.

Itasemwa kwamba Wameru walishindwa na siasa, si msamiati. Ni kweli, kura hazihesabiwi kwa kamusi. Hata hivyo, siasa ilipata upenyo kwa sababu mkataba ulitaja dhamana na wajibu bila kutaja dhima: haukusema mdhamini akikiuka, aliyedhulumiwa atafidiwaje. Tena “kuzingatia” ni kitenzi legevu. Anayeamriwa kuzingatia huweza kuzingatia, kisha akafanya alilokusudia.

Katiba ya Tanzania ya 1977 inatoa mfano bora. Ibara ya 26 inampa kila mtu wajibu wa kuitii Katiba, kisha inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda. Wajibu umefuatwa na njia ya kuudai. Basi anayetafsiri au kutunga sheria leo, kila anapoandika “ana wajibu”, na aulize ni kifungu kipi kinachotaja dhima. Kisipokuwepo, asifiche pengo hilo kwa kuandika “jukumu” au “dhamana” ili sentensi ipendeze. Akirudishe kifungu cha wajibu kwa wenye mamlaka ya kukikamilisha.