Brick game, magadi na fundi wa redio wa Mukuyuni

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, si kwa ugonjwa wala safari, ni kwa sababu meza yangu imejaa vikorokoro: Game Boy mbili, Game Gear moja isiyowaka, na brick game iliyolala ndani ya sanduku la bati nyumbani kwa karibu miaka ishirini. Kuvifufua vitu hivi ndio mchezo wangu wa jioni baada ya kazi. Leo nataka tuongee historia yake, maana nikivifungua nimejifunza jambo ambalo digrii yangu ya kompyuta haikunifundisha.

Nyumbani ni Mukuyuni, kaunti ya Makueni. Kwa wale wasiopajua, ni soko dogo ambalo jina lake linatokana na mti wa mkuyu. Mwaka 2005 nikiwa darasa la pili, mjomba alirudi kutoka Nairobi na brick game ya kijivu, mbele imeandikwa 9999 IN 1. Ilikuwa moja kwa watoto wote wa jirani. Kila mtu alicheza zamu yake, akishindwa anampa mwenzake. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo uhai wake ulikuwa betri mbili za AA. Zikiisha nguvu tulizianika juu ya mabati, na kweli zikipata joto zilirudi kidogo, tukapata nusu saa nyingine. Siku moja ikakataa kabisa. Mama akaifungia sandukuni.

Haya, tuanze mwanzo. Mchezo wa matofali yanayodondoka, Tetris, ulibuniwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Chuo cha Sayansi cha Kisovieti huko Moscow. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha, kwa hiyo matofali ya kwanza yalikuwa alama za mabano tu.

Upande wa Japani kulikuwa na Gunpei Yokoi. Nintendo ilimwajiri mwaka 1965, wakati ikiwa bado kampuni ya karata, na kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Kwa maneno mengine, alikuwa fundi. Inasimuliwa kwamba siku moja ndani ya treni alimwona abiria akiua muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo, ndipo akapata wazo la mchezo wa kushika mkononi. Game & Watch ya kwanza ilitoka mwaka 1980. Ilitumia skrini za aina ileile ya vikokotoo, ambazo kufikia hapo zilikuwa zimeshuka bei sana kwa ushindani wa viwanda. Huo ndio ulikuwa msimamo wa Yokoi: usikimbilie teknolojia mpya, chukua ile iliyozoeleka na kuwa rahisi, uitafutie kazi nyingine.

Game Boy ya mwaka 1989 ilitengenezwa kwa msimamo huohuo. Kichakata chake kilikwenda megahezi 4.19, kumbukumbu ya kufanyia kazi kilobaiti 8, skrini ya nukta 160 kwa 144, vivuli vinne vya kijani bila taa. Washindani walicheka. Atari Lynx ilitoka mwaka huohuo na Sega Game Gear mwaka 1990, zote zenye rangi na taa ya skrini, lakini zilitafuna betri sita kwa saa 3 hadi 5. Game Boy ilikula betri nne na kupita saa 10. Henk Rogers akasafiri hadi Moscow mapema mwaka 1989 kutafuta haki za Tetris, na huko Marekani mchezo huo ukauzwa ndani ya boksi moja na mashine. Ukijumlisha na Game Boy Color, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Kwetu Game Boy haikufika. Mimi binafsi niliishika kwa mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu. Kilichofika ni mtoto wa nje wa ndoa hiyo: brick game, iliyomwagwa masokoni miaka ya 1990 na viwanda vya Asia bila kumwomba ruhusa mwenye Tetris. Pajitnov mwenyewe alianza kupata pesa za mchezo wake mwaka 1996 tu. Brick game ina skrini ya vijumba 10 kwa 20, na nyingi ziliendeshwa na chipu ya biti 4. Na ile 9999 ni uongo wa kihasibu: ni michezo michache ikizidishwa kwa kasi na viwango mbalimbali hadi namba ijae. Nilipogundua hilo nikiwa mtu mzima nilicheka peke yangu.

Sasa tuje kwenye bisibisi. Game Gear, ile iliyokuwa na nguvu, ndiyo inayonitesa zaidi. Kapasita zake ndogo huvuja na umri, maji yake yakala njia za shaba kwenye sakiti, sauti ikafifia na skrini ikawa giza. Inabidi ung'oe na kulehemu moja baada ya nyingine. Game Boy ugonjwa wake mkubwa ni mistari ya skrini kupotea. Mara nyingi unafungua, unapitisha joto la chuma cha kulehemu polepole pale utepe unapoungana na kioo, na mistari inarudi.

Brick game ilinishinda. Niliifungua nyumbani Disemba iliyopita. Nikakuta springi za betri zimeliwa, zina unga mweupe na kijani. Nilikuwa nimesoma kwamba dawa ni siki, nikapaka, haikusaidia. Nikaona aibu lakini nikaenda sokoni kwa mzee anayetengeneza redio tangu sijazaliwa. Akaniuliza, "Kijana, zilikuwa betri gani?" Nikasema zile za bei rahisi. Akacheka. Betri za alkali zikivuja, ndimu au siki inafaa. Lakini za zinki na kaboni, kama zile tulizotumia utotoni, hutoa asidi, na asidi haiondolewi kwa asidi. Akachukua maji na magadi, yaleyale ya kulainishia muthokoi, akasugua kwa mswaki, akasuuza kwa spiriti. Akaniambia pia kwamba kuanika betri juani ndiko kulikoharakisha kuvuja. Kumbe ile nusu saa tuliyokuwa tukiiba juu ya mabati ndiyo iliyoua mashine.

Tulipoiwasha, nusu ya vijumba havikuonekana. Mzee akakunja skrubu zote tena. Kati ya kioo na sakiti kuna utepe wa mpira wenye milia kama punda milia, tabaka moja linapitisha umeme na jingine linazuia. Haujalehemiwa popote, umebanwa tu. Ukisogea hata kidogo, picha inakatika. Akausafisha, akaupanga, akakaza. Matofali yakaanza kudondoka.

Nilipotaka kumlipa alikataa, badala yake akatoa simu yake. Ana programu ya kuandika mauzo ya duka, na ilikuwa imeacha kufunguka, inamwambia simu yake ni ya zamani. Nikaitazama, moyo ukashuka. Programu hiyo ni ya kampuni ninayofanyia kazi, na aliyepandisha kiwango cha chini cha Android ni mimi. Nilifanya hivyo kwa sababu kujaribu kwenye simu za zamani kulinichosha.

Akasema, "Hii nimeibadilisha betri na kioo mwenyewe. Sasa hapa nifungue wapi?"

Sikuwa na jibu. Najua kuna nyakati usalama unalazimisha kuacha matoleo ya zamani, lakini hii haikuwa hivyo. Niliporudi kazini nilifungua msimbo na kukuta kilichohitaji Android mpya ni kipande kimoja tu, cha kuchora grafu za mauzo. Nikakitoa kwa simu za zamani, nikaacha hesabu zenyewe. Siku mbili za kazi. Mzee amekosa grafu lakini daftari lake la miezi saba limefunguka.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika programu, kabla ya kupandisha ile namba angalieni kwanza nani anabaki nje. Na kama una brick game sandukuni, toa betri leo, hata kama huna nia ya kuitengeneza. Yangu iko mezani hapa, imegoma tena kitufe cha kushoto. Wikendi nitaifungua.