Maji ya Darajani yalikwenda wapi?



Wengi wetu tumekulia kando ya maziwa, Tanganyika au Kivu, ambako maji hayajai na kupwa kila siku. Baharini mambo ni mengine.

Mji Mkongwe wa Zanzibar zamani ulikaribia kuwa kisiwa. Nyuma yake palikuwa na hori, yaani mkono wa bahari, uliojaa maji yanapojaa na kubaki tope yanapokupwa. Upande wa pili ndiko Ng'ambo, na daraja la kuvukia ndilo lililoacha jina la Darajani, palipo soko lililofunguliwa mwaka 1904. Chini ya utawala wa Waingereza hori lilijazwa kifusi, kipande kwa kipande, likawa barabara na viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako watoto wa Unguja wamesherehekea Idd kwa miaka mingi. Hata hivyo maji ya bamvua yamekuwa yakipenya humo. Ni ajabu? Kwa hakika si ajabu: ardhi ya kifusi iko chini, na tope lililokuwa likiyapokea maji limefukiwa.

Je, pahali kama hapo paweza kurudishwa? Huko San Francisco, Marekani, kinamasi cha maji chumvi kilijazwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1915, kisha pakawa uwanja wa ndege za jeshi, Crissy Field. Miaka ya 1990 kifusi kilichimbwa, mimea ya asili ikapandwa kwa mikono ya watu waliojitolea, na mwaka 1999 bahari ikafunguliwa mlango. Ndege na samaki walirudi. Lakini eneo lilikuwa dogo mno, ekari 20 hivi. Maji yanayoingia na kutoka hayana nguvu ya kusukuma mchanga, mlango ukaziba mara kadhaa na ukalazimika kuchimbwa. Mwaka 2020 kinamasi kiliongezwa.

Tofauti kubwa ni kwamba Crissy Field haikuwa na wakazi wa kuhamishwa. Darajani pana maduka, soko na riziki za watu wengi, na sisi wa Dzaleka hatuhitaji kufundishwa maana ya kuhamishwa. Kwa maoni yangu Darajani paachwe. Mnazi Mmoja ni uwanja wazi, na huko ndiko mjadala ungeanzia.