Mawimbi Yaliyotupwa Jaani

Katika mhadhara mmoja niliouhudhuria hivi karibuni, uliohusu historia ya utangazaji kwa Kiswahili, mhadhiri, ambaye ni mtu wa elimu na adabu zake, alieleza pasi na kusita kwamba mawimbi mafupi, yale yaliyotuletea Sauti ya Kairo mwaka 1954 na idhaa ya BBC mwaka 1957, ni hidaya ya Guglielmo Marconi na kampuni yake kwa walimwengu. Nasi hadhirina tukaitikia kwa vichwa, kwani ndivyo tulivyosomeshwa sote. Niliporejea nyumbani nikawa sina raha, nikaitoa kabatini nakala ya sheria ya redio ya Marekani ya tarehe 13 Agosti 1912, sheria ambayo waandishi wetu hawaigusi kwa kuiona ni ya wenyewe huko, nikaisoma tena kanuni yake ya 15. Kanuni hiyo yasema kwamba kituo cha mtu binafsi, kisicho cha biashara, kisitumie wimbi linalozidi urefu wa mita 200 wala nguvu inayozidi kilowati 1. Ni maneno machache, makavu kama yalivyo maneno yote ya sheria, lakini kwa maoni yangu kisa chote kimeingilia mlango huo.

Sababu za sheria yenyewe ni mashuhuri, sitazirefusha. Meli ya Titanic ilikuwa imezama mwezi wa Aprili. Wenye manowari walikuwa wakilalamika kwamba vijana wenye mitambo ya cheche vyumbani mwao wanawachafulia simu za upepo. Na wataalamu walikuwa na yakini, kwa vipimo na kwa hesabu, kwamba kadiri wimbi linavyokuwa refu ndivyo linavyofika mbali, hata kampuni kubwa zikawa zinashindana kupanda kwenye mawimbi ya maelfu kwa maelfu ya mita. Kwa hiyo kumwachia mtu mita 200 na zilizo chini yake, kwa fikra za siku zile, ilikuwa kama kumgawia mkulima shamba la chumvi: hakunyimwa ardhi, wala hakupewa kitu. Shamba hilo ndilo walilopewa watu wa ridhaa, waliokuwa wakichezea redio majumbani mwao kwa mapenzi, bila ujira.

Nasi wa pwani hii na bara yake tumo katika habari hii tangu mapema. Mwaka 1913 serikali ya Uingereza ilifunga mkataba na kampuni ya Marconi wa kujenga mnyororo wa vituo vya mawimbi marefu vya kuunganisha dola yake, navyo viwe Uingereza, Misri, Afrika Mashariki, Afrika Kusini, Bara Hindi na Singapore. Na ijapokuwa Vita vya Kwanza vya Dunia viliubatilisha mkataba ule, kamati iliyokaa baada ya vita iliitaja tena Nairobi katika mapendekezo yake ya mwaka 1920. Vituo vya namna hiyo vilihitaji minara ya chuma ya mamia ya futi, mitambo ya umeme ya kutosha mji mzima, na fedha ambazo hazina za makoloni zilikuwa haziwezi kuzitoa bila kuugua. Minara hiyo ya Nairobi haikujengwa, na sababu ya kutojengwa kwake ilikuwa ikipikwa wakati uleule katika majiko, madari na mabanda ya watu wasiojulikana.

Waliokuwa wakifanya kazi ile hawakuwa na duka la kununua chombo cha mawimbi mafupi, kwa kuwa hapakuwa na aliyedhani kwamba chombo hicho kinafaa kitu. Walichokuwa nacho ni mkebe wa mviringo wa karatasi ngumu, ule uliokuwa ukitiwa shayiri ya uji, ambao waliuzungushia waya wa shaba uliofunikwa uzi wa pamba, duru kwa duru, ikawa ndiyo koili; kisha wakipenda kushuka kwenye wimbi fupi zaidi walizifungua duru hizo chache chache na kusikiliza tena. Walipokwisha kushuka chini ya mita 100 wakagundua maudhi mapya: valvu, zile taa za kioo, zilikuwa na kitako ambacho vipini vyake vilivyokaribiana viliiba nguvu ya wimbi, basi wakawa wanakivunja kitako kwa hadhari na kuunga nyaya moja kwa moja kwenye zile zitokazo ndani ya kioo, na mkono wa mtu ulipokaribia kitasa cha kutafutia kituo, mwili wake wenyewe ulilihamisha wimbi na sauti ikapotea, basi wakakitia kitasa mpini wa mti wa kiasi cha dhiraa, wakawa wanakizungusha wakiwa wameketi mbali. Mhandisi wa kampuni angaliandika barua ya kuomba chombo kingine. Hawa hawakuwa na pa kuandikia.

Mwishoni mwa mwaka 1921 chama chao cha Marekani, ARRL, kilimtuma Paul Godley hadi Ardrossan, pwani ya Uskoti, akapiga hema kwenye konde lililo karibu na bahari katikati ya baridi na mvua, akatandaza waya wa mamia ya futi juu ya miti mifupi, akakaa kusikiliza usiku baada ya usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba alinasa ujumbe kamili wa kituo 1BCG cha Greenwich, Connecticut, kilichojengwa na watu sita wa klabu moja ya redio, akiwamo Edwin Armstrong. Tarehe hiyo ilitimiza miaka 20 barabara tangu Marconi alipodai kuisikia herufi moja ikivuka bahari hiyohiyo. Na shahidi aliyekuwa ndani ya hema pamoja na Godley, akisikiliza kwa masikio yake, alikuwa mkaguzi wa kampuni ya Marconi. Watetezi wa kampuni husema kwamba wimbi la 1BCG lilizidi kidogo mita 200, na hilo ni kweli. Lakini jambo la kutazamwa ni kwamba kituo cha kilowati 1 kilikuwa kimeivuka Atlantiki, wakati hesabu za wakubwa zilisema haliwezekani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Léon Deloy, mtu wa ridhaa wa Nice, alisafiri hadi Marekani katika kiangazi cha 1923, akajifunza kwa mafundi wa huko, akarudi kwao na kuanza kupiga kwa wimbi la mita 110 hivi. Fred Schnell wa Connecticut akaomba kibali maalumu cha kushuka mpaka huko, na mwishoni mwa Novemba wakazungumza, huyu akisema na yule akijibu, kisha John Reinartz akaingia mazungumzoni usiku huohuo. Palepale watu wa ridhaa wa nchi nyingi wakaanza kuzifungua koili zao.

Sasa nimpe Marconi haki yake. Yeye na mhandisi wake Charles Franklin walianza majaribio ya mawimbi mafupi sana wakati wa vita. Mwaka 1922 alisema waziwazi mbele ya wahandisi mjini New York kwamba mawimbi hayo yamepuuzwa. Na mwaka 1923 aliyafuata kwa merikebu yake, Elettra, hadi visiwa vya Cape Verde, akipimia kituo cha Poldhu kilichopiga kwa mita 97. Mwezi wa Julai 1924 serikali ya Uingereza ikatia saini mkataba mwingine, wa vituo vya mawimbi mafupi vyenye mwali ulioelekezwa mahali pamoja, na ule mnyororo wa mawimbi marefu ukavunjwa pasi na matanga. Hayo ni makubwa. Hata hivyo kusema kwamba mtu aliyeukubali mlango baada ya wengine kuufungua ndiye aliyeufungua, ni jambo ambalo stahamala yangu haifiki kwake. Na wale wasemao kwamba watu wa ridhaa walibahatisha tu, hao sidhani wamepata kushika chuma cha kulehemu. Kubahatisha hakudumu miaka kumi na miwili.

Nami mwaka huo wa 1924 naukumbuka zaidi kwa tarehe 18 Oktoba kuliko kwa mkataba wa Julai. Siku hiyo Cecil Goyder, mwanafunzi wa miaka 18 wa skuli ya Mill Hill, London, alizungumza kwa mkono wa Morse na Frank Bell, mfugaji kondoo wa Shag Valley huko New Zealand, mwanajeshi aliyerejeshwa kwao kwa maradhi katika vita. Na kati yao palikuwa na zaidi ya kilomita 18,000, takriban masafa ya mwisho yanayopatikana katika dunia hii. Jamaa wawili, mmoja chumbani skuli na mwingine shambani, walifanya kwa mitambo waliyojitengenezea kitu ambacho minara ya Nairobi ilikuwa ikakifanye kwa fedha za dola. Dada yake Bell, Brenda, aliirithi mitambo ile, na mwaka 1927 akawa wa kwanza kutoka New Zealand kuzungumza na Afrika Kusini. Mwezi wa Desemba 1924 Edward Appleton akathibitisha kuwapo kwa tabaka la juu angani lirudishalo mawimbi ardhini. Sayansi nayo ikafika ukumbini, chakula kikiwa kimekwisha pakuliwa.

Yaliyofuata nayapitia mbiombio: baada ya vita vya pili mitambo ya ndege za kijeshi iliuzwa kama chakavu na watu wa ridhaa wakaigeuza, na katika Usovieti, ambako redio za madukani hazikutiwa bendi zilizo chini ya mita 25, mafundi wa majumbani walizisuka upya koili zake ili wazinase idhaa za nje katika mita 19, 16 na 13.

Goyder hakubaki skuli. Mwaka 1936 alipelekwa Delhi kuwa mhandisi mkuu wa All India Radio, akakaa huko miaka kumi, na idhaa hiyo baadaye ikaja kutangaza kwa Kiswahili pia. Ami yangu mmoja, mshona nguo wa Ng'ambo, alikuwa na redio ya valvu ambayo bendi zake hazikumtosha, akaifungua mwenyewe mgongo, akainua duru za koili kwa ncha ya sindano yake ya cherehani moja baada ya moja, akalehemu kwa chuma alichokipasha moto katika jiko la makaa. Pale mshale ulipotulia, pembezoni mwa kioo ambako kiwanda hakikuandika kitu, aliandika kwa kalamu ya risasi: Delhi, magharibi.