Fuvu la ng'ombe husafishwa kwa maji na subira, si kwa moto mkali

FUVU la ng'ombe linalotakiwa kwa maonyesho, masomo ya darasani au pambo la ukutani huharibika upesi likiangukia mikononi mwa mwenye haraka.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, mahali salama pa kupata kichwa ni machinjio kama ya Vingunguti, ambako nyama hukaguliwa na wataalamu wa mifugo. Kichwa cha mnyama aliyekutwa amekufa bila sababu kujulikana hakipaswi kuguswa, kwa kuwa vimelea vya kimeta hudumu ardhini miaka mingi na huua binadamu.

Kwanza huchunwa ngozi, kisha hutolewa macho, ulimi, ubongo na minofu. Msafishaji huvaa glovu muda wote.

Baada ya hapo zipo njia tatu. Ya kwanza, isiyodhuru mfupa, ni kuloweka katika pipa lenye mfuniko. Bakteria hula nyama iliyobaki. Maji hupunguzwa na kuongezwa mapya, lakini hayamwagwi yote, ili bakteria wabaki. Kazi huchukua wiki kadhaa na harufu yake ni kali, hivyo haifai penye nyumba zilizobanana.

Njia ya pili ni kupasha moto taratibu bila maji kutokota. Moto mkali husukuma mafuta ndani ya mfupa, hupasua meno na kulegeza mifupa myembamba ya pua.

Ya tatu hutumiwa na makumbusho: mbawakavu walao nyama kavu. Wadudu hao ndio hao wanaoharibu ngozi na samaki wakavu ghalani, hivyo hufugwa mbali na bidhaa hizo.

Ala za pembe hulegea zikilowekwa. Huvuliwa, zikasafishwa na kurudishwa mwishoni.

Kisha fuvu huwekwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni mpaka mafuta yaishe, la sivyo litageuka manjano. Kung'arisha hufanywa kwa peroksaidi ya hidrojeni. Dawa ya klorini ya kufulia haifai, kwani huula mfupa hadi ukawa kama chaki.

Fuvu la nyati au swala lina masharti mengine: chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kumiliki nyara bila kibali ni kosa la jinai.